Kamani: kipande cha chuma kilichoamua maisha ya bunduki Ugogo

Abiria anayefika Dodoma kwa basi kutoka Dar es Salaam hushukia Nzuguni. Stendi kuu iko hapo, Soko Kuu la Job Ndugai liko hapo, na hatua chache kutoka hapo viko viwanja vya Nanenane, ambako kila mwezi wa Agosti wakulima, wafugaji na mafundi wa kanda ya kati hupanga mazao na zana zao kwenye mabanda. Nje, barabarani, malori hupita usiku na mchana. Chini ya kila lori kuna mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, marefu juu, mafupi chini, yakijipinda kila gurudumu linapoingia shimoni na kunyooka linapotoka. Dereva huyaita springi. Mhunzi huyaona tofauti: kwake hayo ni mapanga, mashoka na visu ambavyo bado havijafuliwa, kwa sababu chuma kinachokubali kupinda mara laki moja bila kuvunjika ndicho chuma bora anachoweza kukipata bila kuagiza ng'ambo.

Chuma cha aina hiyo kina historia ndefu katika uwanda huu kuliko lori, na kuliko reli. Kiliingia Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, kikiwa kimefichwa ndani ya bunduki.

Waandishi wa historia ya bunduki Afrika Mashariki hupenda kuhesabu mitutu na mapipa ya baruti. Ni hesabu muhimu, lakini inaacha kitu. Mtutu ni bomba tu. Ukitunzwa unaweza kudumu miaka mia. Kinachokufa ndani ya bunduki ni springi. Bunduki ya karne ya 19 ambayo springi yake imekatika ilikuwa rungu zito la bei ghali, na bastola ya leo inayobebwa na mshindani wa shabaha hukwama au hujivunja yenyewe springi yake isipolingana na risasi. Kati ya vitu hivyo viwili kuna miaka mia na hamsini, na swali ni lilelile: nani anaijua springi, na nani anaweza kuibadilisha?

Kiswahili kina kumbukumbu yake kuhusu jambo hili. Neno risasi lilitoka Kiarabu, ambako maana yake ni madini ya risasi yenyewe, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoyeyushwa kuwa vidonge vya bunduki. Mtambo, neno ambalo leo tunalitumia kwa kinu cha umeme na hata kwa kompyuta kubwa, katika kamusi za zamani lilitaja mtego na chuma kinachofyatuka. Mtambo wa bunduki ulikuwa ile sehemu ya ubavuni yenye kufyatua. Na liko neno kamani, ambalo vijana wengi hawalijui tena, lililotumika kwa springi ya saa na ya santuri. Asili yake ni Bara Hindi, ambako kamani ni springi, na huko nako lilitokana na neno la Kiajemi la upinde. Asili hiyo ina mantiki nzuri. Upinde ndio springi ya kwanza ya binadamu, na Wasandawe wa kaskazini mwa Dodoma walikuwa mabingwa wake muda mrefu kabla ya baruti kusikika katika nyika ya Marenga Makali.

Tumfuate sasa mpita njia mmoja ambaye orodha yake ya silaha imebaki. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone. Katika kitabu cha safari yake alitaja bunduki moja moja: ziko za kisasa za Marekani zenye kupiga risasi kumi na sita bila kujazwa upya, ziko bunduki za kuingiza risasi kwa nyuma, iko ya kuulia tembo. Kisha anataja zile zilizobebwa na watu wake wa kawaida: gumegume 24, yaani bunduki za jiwe, na bastola sita za mtutu mmoja. Kati ya Mei na Juni mwaka huo silaha hizo zilivuka Ugogo. Zilipita nyika ya Marenga Makali isiyokuwa na maji ya kunywa, zikafika Mvumi, kisha Bihawana, majina ambayo mkazi wa Nzuguni anayajua vizuri, kwani la kwanza liko kusini mashariki mwake na la pili ni upande wa pili wa mji.

Ndani ya kila gumegume mlikuwa na springi tatu. Ya kwanza, kubwa, ilikunjwa kama herufi V na kulala ndani ya mtambo. Hiyo ndiyo iliyokisukuma mbele kidole cha chuma kilichouma jiwe. Ya pili, ndogo, ilishikilia jino la kifyatulio lisiteleze. Ya tatu ilikuwa nje, chini ya kifuniko cha chuma kilichoziba kibakuli cha baruti. Jiwe lilipogonga kifuniko kile kilipaswa kutoa cheche, na papo hapo kifunguke ili cheche ziangukie baruti. Kwa bunduki 24 hizo ni springi 72, zote za bapa, zote zimefuliwa kwa mkono, na hakuna hata moja iliyolingana kabisa na mwenzake.

Hapo ndipo ufundi wa kuchagua ulipoanzia. Springi kubwa ikiwa kali mno, jiwe linapasuka baada ya kupiga mara chache. Ikiwa dhaifu, cheche hazitoki. Ile ya kifuniko ikiwa ngumu kuliko inavyotakiwa, kifuniko kinakataa kufunguka na jiwe linasagika. Ikiwa laini, kinafunguka kabla ya kukwaruzwa vya kutosha. Fundi aliyetengeneza mtambo mzuri alizisikiliza springi hizi mbili zikishindana, akapunguza moja kwa tupa mpaka zikapatana. Fundi wa bastola wa leo anayepima springi mbili dhidi ya nguvu ya risasi anafanya mazungumzo yaleyale, ila yeye anazo namba kwenye pakiti.

Bunduki za misafara hazikupata mazungumzo hayo njiani. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewa, na unyevu huo hula chuma. Doa dogo la kutu kwenye springi linatosha: springi inapokunjwa, nguvu yote hukusanyika pale penye doa, na siku moja inakatika. Ongeza vumbi la Ugogo, linalosimama kama nguzo wakati wa kiangazi na kuingia kila penye upenyo, likichanganyika na mafuta ya mtambo kuwa kama msasa. Mtu aliyebeba gumegume kutoka pwani hadi Tabora alikuwa akibeba kifaa kilichokuwa kikifa polepole begani mwake.

Je, mhunzi wa bara hangeweza kuiponya? Wahunzi walikuwepo na walikuwa hodari. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1880 majembe kama 150,000 yalifikishwa Tabora kila mwaka kutoka kwa wahunzi wa kaskazini mwa Unyamwezi. Wagogo walipata sehemu kubwa ya majembe yao kwa biashara, wao wakitoa mifugo na chumvi. Lakini jembe na springi ni watoto wa mama tofauti. Chuma kinachotoka kwenye tanuri la udongo huwa na kaboni isiyolingana: upande huu kigumu, upande ule laini. Kwa jembe hilo si tatizo. Ubapa unachakaa na unanolewa. Kwa springi, upande laini hubaki umepinda na upande mgumu hupasuka. Springi inataka chuma kilicho sawa mwili mzima, kichomwe mpaka kiwe chekundu, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kipashwe tena taratibu hadi rangi yake igeuke buluu. Kikiachwa kabla ya buluu kitavunjika kama kioo, na kikipitilizwa kitalegea. Mafundi wa mitambo wa Ulaya walijifunza rangi hiyo utotoni.

Kwa hiyo bunduki ziliingia Ugogo bila mafundi wake. Hilo linasaidia kueleza jambo lililowakera wasafiri wengi wa karne ile: msafara wenye bunduki kadhaa bado ulilipa hongo. Burton na Speke walilipa walipopita mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, akilalamika kila kituo. Wenye nchi walishika visima na chakula, na katika uwanda unaopata mvua kati ya Desemba na Aprili tu, mwenye kisima ana nguvu kuliko mwenye mtambo unaoweza kukataa kutoa cheche. Wasafiri waliandika hongo kama unyang'anyi. Ilikuwa kodi ya maji na njia, na kudumu kwake muda mrefu hivyo kulitokana na watu waliojua hesabu ya nguvu zao vizuri.

Hesabu hiyo ilianza kuvurugika bunduki zilipoongezeka mno. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa mabaki. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha jiwe na kuchukua fataki inayolipuka ikigongwa katika miaka ya 1840, kisha baada ya 1866 yakaacha fataki na kuchukua bunduki za kujazwa nyuma. Kila badiliko lilitupa sokoni malundo ya silaha za zamani, na wafanyabiashara wa Birmingham na wa Liège, mji wa Ubelgiji, wakayanunua, wakayapaka mafuta, wakabadilisha kilichokatika, na kuyapakia merikebuni.

Kisha ikaja sheria. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango, chini ya usimamizi. Sababu iliyotajwa ni kupambana na biashara ya watumwa, na sehemu yake ilikuwa kweli. Matokeo yake yalikuwa pia kwamba Mwafrika aliachiwa silaha ya mababu wa Mzungu wakati Mzungu mwenyewe akija na ya kisasa. Muda mfupi kabla ya saini hizo, Carl Peters alikuwa amepita Ugogo akichoma vijiji, akiwa na bunduki za kupiga mfululizo dhidi ya watu wenye mikuki. Wajerumani walikuwa wameshajenga ngome Mpwapwa. Huko Brandon, Uingereza, wachonga mawe ya gumegume waliendelea kupata wateja Afrika hadi ndani ya karne ya 20.

Gobole la wawindaji ni mjukuu wa historia hiyo. Lilibaki vijijini miaka mingi kama silaha ya kufukuza nguruwe na nyani mashambani, likijazwa kwa mdomo wa mtutu kama lile la babu. Leo linamweka mmiliki asiye na kibali mahakamani, kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na serikali imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya msamaha ambapo watu husalimisha magobole yao polisi bila kushtakiwa.

Turudi Liège, kwa sababu hapo historia inakunja kona ya ajabu. Pembezoni mwa mji ule uleule uliokuwa ukisafirisha bunduki za jiwe kuja kwetu, katika kitongoji cha Herstal, kiwanda cha Fabrique Nationale kilianzishwa mwaka 1889. Mwishoni mwa muongo uliofuata kilianza kutengeneza bastola ya Mmarekani John Browning. Ilipewa jina la mwaka 1900, na ndani yake springi ya bapa iliondolewa kazi kuu. Mahali pake ikaja springi ya waya uliosokotwa. Ilikaa juu ya mtutu, na ilifanya kazi mbili: kurudisha mbele kile kipande cha juu kinachorudi nyuma risasi inapotoka, ambacho wenye bastola hukiita slaidi, na pia kusukuma sindano inayogonga fataki. Springi moja, kazi mbili. Katika bonde moja, ndani ya miaka hiyohiyo, palikuwa na bunduki ya jiwe iliyokuwa ikielekea Afrika na bastola iliyotumia teke la risasi yake kujijaza yenyewe.

Browning aliendelea kuhamisha springi hiyo. Katika bastola yake ya mwaka 1910 aliizungusha kwenye mtutu. Katika ile iliyopokewa na jeshi la Marekani Machi 1911 aliilaza chini ya mtutu, na hapo ndipo imebaki katika bastola nyingi za ulimwengu. Huku kwetu, askari waliopigana Tanga Novemba 1914 upande wa Wajerumani wengi wao walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mpigaji alipo. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na pamoja nayo chuma cha pua kikaanza kupatikana kwa wingi ambao uwanda huu haukuwahi kuuona.

Bastola ya 1911 ndiyo iliyozaa mchezo. Mei 1976, mjini Columbia, jimbo la Missouri, wapiga shabaha kutoka nchi mbalimbali waliunda shirikisho la IPSC na kumchagua Jeff Cooper kuwa rais wa kwanza. Mshindani hukimbia, hugeuka, hulenga shabaha nyingi, na alama zake hugawanywa kwa muda alioutumia. Ili asije mtu na risasi dhaifu zisizosukuma mkono, kanuni huchukua uzito wa risasi uliopimwa kwa greni, huuzidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde na kugawa kwa elfu. Jibu lazima lifikie 125 kwa daraja dogo, na 170 kwa daraja kubwa katika kundi la bastola za kawaida. Kwetu Afrika Mashariki mchezo wa jamii hiyo una makazi Kirigiti, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ambako wamiliki wa bastola wenye vibali hushindana kwa kanuni za IDPA, chama kilichoanzishwa mwaka 1996.

Na mara hesabu ile ilipoandikwa, springi ikarudi kuwa mada. Bastola ya 1911 yenye mtutu wa inchi tano ilitengenezwa kwa springi ya ratili 16, kama kilo 7 na robo, ili kuikabili risasi ya jeshi: greni 230, yaani gramu 15 hivi, yenye kwenda futi 830 kwa sekunde. Hesabu yake ni 190. Mshindani hahitaji yote hayo. Risasi ya uzito huohuo ikienda futi 750 inatoa 172, na inatosha. Teke limepungua, lakini sasa springi ya ratili 16 ni ngumu mno kwa risasi hiyo: slaidi hairudi nyuma mpaka mwisho, ganda linabaki mlangoni, bastola inakwama saa ikihesabu. Hata ikifanikiwa kurudi, springi ngumu huirusha mbele kwa kishindo kiasi cha kuinamisha mdomo wa mtutu chini ya shabaha. Kwa hiyo mshindani hushuka: 14, 12, na kwa bastola za milimita tisa zenye umbo hilohilo, chini ya hapo tena.

Akishuka kupita kiasi, teke humkuta bila breki. Slaidi hugonga fremu, chuma juu ya chuma, na nyufa huanza mahali asipopaona. Wenye uzoefu husoma maganda: yakirushwa mbali sana, springi ni laini, yakidondoka miguuni, ni ngumu. Hutazama pia springi ya nyundo, kwa sababu slaidi inaporudi nyuma ndiyo inayoikoki nyundo, na inapopambana na springi yake yenyewe inapambana pia na ile. Wapo wanaobadilisha springi ya slaidi wiki nzima bila mafanikio, kumbe kosa liko kwenye nyundo.

Kuivisha bastola springi mpya ni kazi ya dakika chache, lakini inataka subira. Bastola inahakikiwa kuwa tupu, mara mbili. Springi mpya inalazwa kando ya ile ya zamani mezani. Ya zamani huwa imepungua urefu, na upungufu huo ndio umri wake, maana springi iliyofupika haisukumi tena kama ilivyoandikwa. Robert Hooke alilieleza jambo hilo mwaka 1678: springi husukuma kulingana na ilivyobanwa. Kisha slaidi huvutwa taratibu mpaka mwisho, bila risasi, kuhakikisha kuwa kinachoizuia ni fremu. Mizunguko ya waya ikigusana kabla slaidi haijafika, springi imegeuka kuwa gogo la chuma, na kila risasi itapiga gogo hilo. Wenye kujali hubadilisha pia springi ya sindano siku hiyohiyo, na huandika idadi ya risasi daftarini, kwa sababu baada ya risasi elfu chache hesabu hiyo itaanza upya.

Fundi wa Liège wa mwaka 1871 angeshangaa kwa urahisi wa waya ule, unaouzwa kwenye pakiti ukiwa na namba yake. Asingeshangaa kwa swali.

Nzuguni nayo ina mafundi wake wa kupima springi. Kwenye maonyesho ya Nanenane zana za wahunzi hupangwa mezani pamoja na mashine za kukamua alizeti. Barabarani lori lililobeba saruji kupita kiasi huegeshwa likiwa limeinama upande mmoja. Fundi hulala chini yake, huligonga bapa kwa nyundo na kusikiliza. Lililochoka hulia sauti nzito. Huliondoa, hupima jipya kwa jicho na kwa mzigo alioambiwa na dereva, halafu huongeza bapa moja au hupunguza. Lile la zamani haliachwi barabarani. Hufungwa kwenye gunia na kupelekwa kwa mhunzi.